Asili ya "Good Company" na Maana ya Ukwangala wa Rungwe

Wako wanafunzi wanaosoma Kiingereza shuleni asubuhi na Kiarabu madrasani jioni, na mara kwa mara hutuletea neno la lugha moja wakitaka kujua mwenzake katika lugha ya pili. Moja katika maneno hayo ni "good company". Mwingereza husema fulani ni "good company" akikusudia kuwa kuketi naye kunaburudisha moyo, na husema kijana "keeps good company" akikusudia kuwa anaandamana na watu wema. Ni neno fupi na watu hulipita haraka. Lakini hapa Tanzania lina historia yake mahsusi, kwani ndilo jina alilolichagua Monica Wilson kwa kitabu chake juu ya Wanyakyusa wa Rungwe, kilichochapishwa mwaka 1951. Alilichagua ili kulifasiri neno la Kinyakyusa, ukwangala.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa kuwa tafsiri huja kabla ya hukumu. Imamu wa Tukuyu anayelifasiri neno ukwangala kuwa ni ulevi amekwishatoa fat'wa bila ya kujua, na anayelifasiri kuwa ni suhuba ametoa fat'wa nyingine. Basi inafaa tujue neno hili lilikuwa na maana gani kwa wenyewe, na lile la Kiingereza lilikotoka.

Tuanze na la Kiingereza. "Company" limeingia katika lugha hiyo kutoka Kifaransa, baada ya Wanormandi kuitawala Uingereza mwaka 1066, na Wafaransa walilipata kutoka Kilatini cha zama za kati, "companio". Neno hilo limeundwa kwa sehemu mbili: "cum", maana yake pamoja na, na "panis", maana yake mkate. Kwa hiyo sahibu, kwa asili ya neno hilo, ni yule unayekula naye mkate. Wataalamu wa lugha wanaona kuwa Walatini hawakulibuni wenyewe, bali waliwaiga makabila ya Kijerumani, kwani Wagothi walikuwa na neno "gahlaiba" lenye muundo uleule: pamoja, na mkate. Limeonekana pia katika sheria za kale za Wafaranki.

La kupendeza zaidi ni kuwa Kiingereza kina neno jingine la mkate lililokwenda njia ya kinyume. "Lord", yaani bwana, lilikuwa zamani "hlaford", na asili yake ni mlinzi wa mkate. "Lady" nalo ni mkanda mkate. Kwa hiyo katika lugha moja mkate umezaa watu wa aina mbili: anayeushika na wengine wakamngojea, na wanaoumega pamoja wakiwa sawasawa. Msomaji aihifadhi tofauti hii, maana ndiyo tutakayoikuta Rungwe.

Maneno yote mawili pamoja, "good company", yalikuwa yamekwishazoeleka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 16, zama za mfalme Henry VIII, ambaye wimbo mmoja uliotungwa naye unajulikana kwa jina la "Pastime with Good Company". Huko Ulaya ya wafalme neno lilikuwa na harufu ya starehe, uwindaji na karamu. Harufu hiyo haijalitoka mpaka leo, na ndiyo iliyowafanya baadhi ya wasomaji wa kitabu cha Monica Wilson wadhani kuwa Wanyakyusa ni watu wa anasa tu.

Sasa twende Rungwe. Tukuyu, makao makuu ya wilaya, iko kusini mwa mji wa Mbeya, chini ya Mlima Rungwe, katika nchi ya migomba, mvua nyingi na udongo wa volkano. Wajerumani waliifanya boma na kuiita Neu Langenburg. Kabla yao, mwaka 1879, alipita msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson akaisifu mno nchi hii na nyumba zake safi. Mwaka 1891 zikaja misheni mbili za Kijerumani, ya Moravian na ya Berlin, ndiyo maana Ukristo una mizizi mirefu huko kuliko dini yetu. Lipo na jambo jingine lililotuchelewesha, wala hatuoni faida ya kulificha. Ng'ambo ya mto Songwe, karibu na Karonga, alikuwako mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema pamoja na wafuasi wake waliojiita watu wa pwani na Waislamu, na aliwashambulia na kuwauza utumwani Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na nasaba. Vita vya huko, tangu mwaka 1887 hadi 1889, vilikuwa baina yake na African Lakes Company, kampuni ya Waskoti iliyonunua pembe za ndovu. Mlozi alinyongwa na Waingereza mwezi wa Desemba 1895. Kwa hiyo "company" ya kwanza iliyosikika kaskazini mwa Ziwa Nyasa ilikuwa kampuni yenye bunduki, na wasafiri wa kwanza waliojulikana huko kwa jina la Uislamu walikuwa wauza watu. Nani atashangaa kwamba waliokimbia hawakuulizia dini ya waliokuwa wakiwakimbiza?

Monica Wilson alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 1908, binti wa wamishonari. Mumewe, Godfrey Wilson, alianza utafiti katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1934, naye akamfuata mwaka 1935 baada ya kuoana, wakaendelea huko hadi mwaka 1938, wakisaidiwa na wenyeji waliojua kusoma na kuandika. Godfrey alifariki mwaka 1944 bila ya kuandika kitabu kikubwa cha kazi hiyo, na mjane wake akaiandika mwenyewe, kitabu baada ya kitabu. "Good Company" ndicho cha kwanza, na anuani yake ndogo yasema kuwa ni uchunguzi wa vijiji vya marika.

Vijiji vya marika ndiyo ajabu ya Rungwe. Makabila mengi ya Afrika Mashariki yana marika, lakini watu wake huishi kwa koo: baba, wana na wajukuu mahali pamoja. Kwa Wanyakyusa, kwa mujibu wa habari alizokusanya, haikuwa hivyo. Wavulana walichunga ng'ombe pamoja mpaka wakafika miaka 10 au 11, kisha wakaondoka katika nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao kando ya kijiji. Walilala huko. Mashamba walilima ya baba zao, na chakula walikwenda kula kwa mama zao, lakini hakuna aliyekwenda peke yake. Walikwenda kikundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa waliwaleta wake zao palepale, na kile kibanda cha watoto kikawa kijiji kamili cha watu wa hirimu moja, nao wakazeeka pamoja. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambayo kwayo wazee waliwakabidhi vijana utawala na ardhi.

Watu wa pwani tunalo neno la ule mtindo wa kula kwa zamu, japo vijana wa sasa hawalitumii sana: kula kikoa. Watu hushirikiana, leo mmoja huwapikia wenzake wote, kesho mwingine, mpaka mzunguko utimie. Tunalo na jingine, kula bia, yaani kuchanga gharama na kula shirika, ambalo kwalo tumepata ubia na mbia. Na hapa inabidi tuseme kwamba bia hiyo si ile ya chupa. Yamefanana kwa sauti tu, na tumesikia watu wakicheka pasipo sababu neno "kula bia" lilipotajwa darasani. Kwa hiyo lile la Rungwe lisionekane geni. Ugeni wake ni kuwa pwani kikoa kilikuwa cha siku fulani, na kwa Wanyakyusa kilikuwa ndio mpango wa maisha tangu utoto.

Ukwangala, basi, ni kukaa katika hali hiyo. Monica Wilson analieleza kuwa ni kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula na kunywa nao mara kwa mara, na kuzungumza kwa bashasha baina ya watu walio sawa. Na ndani yake mna kusaidiana na kuhurumiana. Sharti la usawa ndilo uti wa mgongo. Mtu hafanyi ukwangala na baba yake, kwa kuwa mbele ya baba kuna heshima na kunyamaza. Hafanyi na mkwewe, wala mke hathubutu hata kumtazama baba wa mumewe. Hufanya na rika lake. Na walisema kwamba amahala, yaani hekima na adabu, mtu huipata kwa mazungumzo hayo: huwasikia wenzake wakibishana, huona nani anachekwa na kwa nini, hujifunza kusema na kunyamaza. Kijana aliyekulia chini ya mapaja ya wazazi wake peke yao walimwona mjinga. Tukirudi kwenye ile mikate miwili ya Kiingereza, ukwangala ni mkate wa "companio" na si mkate wa "hlaford". Ndiyo sababu tunasema kuwa mama huyu, kwa kulifasiri neno "good company", alipatia zaidi kuliko yeyote ambaye angelifasiri kwa starehe au karamu.

Kiarabu nacho kina hazina kubwa katika mlango huu. Sahib ni wa kuandamana naye, kutoka sad, ha na ba, na kwa herufi hizo wameitwa Masahaba (R.A.). Rafiq ametoka katika rifq, upole. Jalis ni wa kuketi naye. Waarabu pia husema baina yetu pana mkate na chumvi, wakikusudia ahadi isiyovunjwa. Lakini wanaye na nadim, ambaye ni mwenzi wa kunywa naye, na mashairi ya Jahiliya na ya zama za Bani Abbas yamejaa sifa zake. Herufi zake ndizo zilezile za nadama, yaani majuto. Tunawaachia wenye kamusi wajadili kama kuna uhusiano.

Wafasiri wa Qur'ani, walipofika katika aya ya 61 ya Suratun Nur, wametaja kuwa baadhi ya watu wa Kinana waliona ni aibu mtu kula peke yake, hata mmoja wao aliweza kukaa na njaa akisubiri apatikane wa kula naye. Aya hiyo imewaondolea uzito, ikahalalisha kula pamoja na kula mbalimbali, na imeitaja nyumba ya rafiki pamoja na nyumba za baba, mama na ndugu miongoni mwa zile ambazo mtu hana lawama kula ndani yake. Msomaji azingatie: ile ada haikulaaniwa. Kilichoondolewa ni ulazima uliowatesa watu. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenzi mwema na muuza miski, na mwenzi mbaya na mfua vyuma anayevuvia tanuri: wa kwanza hata usiponunua kwake utapata harufu nzuri, wa pili atakuchoma nguo au utaondoka na harufu mbaya. Mfano huu unasema jambo ambalo Wanyakyusa nao walilijua, kuwa mtu huambukizwa tabia na anayeketi naye.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunaisifu Rungwe ya kale bila ya mizani. Monica Wilson mwenyewe ameonyesha upande wa pili. Aliyekula peke yake, hasa nyama na maziwa, alishukiwa. Wachawi wa Rungwe walisemwa kuwa wana chatu tumboni, na tamaa yao ilikuwa ya chakula, tofauti na walivyosema Wapondo wa Afrika Kusini aliokuwa amewachunguza kabla, ambao kwao uchawi ulihusishwa na zinaa. Yeye aliona kuwa tofauti hii si ya bahati: mahali ambapo majirani wanalazimika kulishana, choyo cha chakula ndicho kinachoogopwa kuliko vyote. Tena iliaminika kuwa manung'uniko ya wanakijiji, waliyoyaita pumzi ya watu, humpiga mkosaji kwa baridi na maradhi. Kwa itikadi yetu hayo hayakubaliki. Lakini hata asiyejali itikadi ataona kuwa urafiki unaolindwa kwa hofu ya namna hiyo una taabu yake. Wanawake nao hawakupata sehemu sawa katika hiyo "good company". Waliletwa kutoka vijiji mbalimbali, wakipika chakula ambacho rika la waume zao lilikila. Na wapo waliokuja nyuma wakakosoa, kama Simon Charsley katika kitabu chake cha mwaka 1969, "The Princes of Nyakyusa", kilichoitazama upya picha ya jamii hii.

Tunafika sasa penye mgogoro wenyewe. Chungu cha ukwangala kilikuwa na kimpumu, pombe ya ulezi inayotiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija wa unyasi, wazee wakiwa wamekizunguka. Wamishonari walipowakataza Wakristo wao kimpumu, wengi waliona kuwa wanakatazwa majirani zao. Muislamu wa Rungwe amekutwa na jambo hilohilo, tena yeye ni wachache mara nyingi katika kijiji, na jirani zake, ndugu zake, hata mama yake, huenda si Waislamu. Akiitwa kwenye ukwangala afanye nini?

Mafaqihi wameliweka wazi jambo la ada. Katika zile kanuni tano kubwa iko inayosema kuwa ada hufanywa hakimu, na wanausuli wameigawa: iko urf sahihi, isiyopingana na nassi, na iko urf fasidi. Kosa tunaloliona kwa baadhi ya wahubiri ni kuichukua ada yenye sehemu kumi, ikiwa moja katika hizo ni haramu, wakaitupa yote. Tuzitenge. Kuketi na rika, kula kwa zamu, kumpelekea jirani, kusaidiana kulima, kukusanyika penye msiba: hizo ni katika urf sahihi, na nyingine ni katika yaliyohimizwa, kwani Abu Dharr (R.A.) ameusiwa azidishe maji katika mchuzi wake ili jirani apate. Pombe ni haramu, wala haina mjadala, na imepokewa katazo la kuketi penye meza inayozungushwa pombe. Kwa hiyo anayeitwa kwenye chungu hawezi kuketi nacho. Lakini asiyeketi kwenye chungu anadaiwa kikao kingine. Akikataa cha kwao na asiwaite kwake, atakuwa machoni mwao ni yule anayekula peke yake, na tumekwisha kueleza Rungwe ilimwita nani mtu wa namna hiyo. Rai yetu ni kuwa kimpumu ni kitu kilichoingia ndani ya ukwangala na si ukwangala wenyewe. Ushahidi wetu ni wale wavulana wa miaka 10 waliokwenda nyumba kwa nyumba kula ndizi kwa mama zao: hao walikuwa katika ukwangala kamili, na hawakuwa na chungu cha pombe.

Na wilaya yenyewe ina kinywaji chake kingine. Wajerumani waliijaribu michai huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, na leo vilima vya Rungwe ni kijani kwa majani hayo.

Ama vijiji vya marika, havikuvunjwa na wahubiri wala na mashekhe. Vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na kwenye migodi ya kusini, wakarudi na fedha ya mtu mmoja mmoja. Kisha ukaja mbuni. Shamba la ulezi mtu aliweza kuliacha likapewa rika jingine, lakini mkahawa husimama miaka mingi, na aliyeupanda hataki kuhama wala kuugawa; humwachia mwanawe. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 aliikuta ardhi imekuwa haba na mpango wa zamani unafifia, na mabadiliko hayo akayaandika katika kitabu cha mwaka 1977, "For Men and Elders".

Neno "company" nalo limerudi Rungwe kwa sura nyingine, kampuni. Waarabu huiita sharika, na mafaqihi wameipa mlango wake na masharti yake. Kwa mzizi huohuo tumepata shirika na ushirika, na pia shirki, kila moja kwa mahali pake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianzishwa huko Wakulima Tea Company, wakulima wadogo wa chai wakiwa na hisa ndani yake kupitia chama chao. Katika sharika wabia hugawana faida kwa fungu walilokubaliana, na kila mmoja hula fungu lake nyumbani kwake.